Anemoni wa Baharini Ndani ya Tangi la Nyumbani: Amana Kabla ya Pambo

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa bahari na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, ukurasa huu wa familia umezoea kuzungumzia ndoa, mirathi, malezi na afya ya mama na mtoto. Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuingia katika jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hayo, nalo ni ufugaji wa viumbe vya baharini katika matangi ya kioo majumbani, na hususan ufugaji wa anemoni. Matangi haya sasa tunayaona katika sebule za baadhi ya jamaa zetu hapa pwani, na hata kwa wale walioko Maskati na miji mingine ya Ghuba. Watoto huyapenda, wageni huyasifu, na mwenye nyumba hupumzisha macho yake baada ya kazi. Lakini nyuma ya kioo kile pana roho, na roho ikishaingia katika milki ya Muislamu huwa ni amana atakayoulizwa.

Kwa hiyo tumekusudia kueleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kumtunza kiumbe huyu akabaki na afya, na namna ya mtu kujipima kabla ya kumleta nyumbani.

Ni kiumbe gani huyu?

Wengi wetu tuliokulia pwani tumemwona anemoni bila ya kumjua jina. Maji yanapotoka wakati wa bamvua na miamba kubaki wazi, ndani ya vidimbwi huonekana kitu mfano wa ua laini lenye petali nyingi, ukiligusa hujikunja. Hilo si ua wala si mmea. Ni mnyama, ndugu wa matumbawe na konyeza. Hana mifupa, hana ubongo, wala hana macho. Ana mguu mmoja mpana anaoshikilia mwamba, kiwiliwili laini mfano wa mfuko, na juu yake mdomo uliozungukwa na minyiri. Tundu hilo moja ndilo analolia chakula, na ndilo hilo hilo analotolea uchafu. Katika minyiri yake mna vifuko vidogo mno vyenye nyuzi za sumu, ambazo huchomoka anapoguswa na kumlegeza mdudu au samaki mdogo aliyepita karibu.

Ndani ya miili ya anemoni wengi wa bahari za joto mna ajabu nyingine. Huishi humo mwani wa chembe moja moja, usioonekana kwa macho matupu, ambao hupokea mwanga wa jua na kutengeneza chakula. Sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wake. Naye mwenyeji huupa mwani huo hifadhi, na taka za mwili wake huwa ni mbolea kwao. Kwa sababu hii, anemoni anayenyimwa mwanga hufa njaa polepole hata kama analishwa.

Kisha yuko samaki mdogo anayejulikana kwa urafiki wake na anemoni. Katika maji yetu ya Afrika Mashariki wapo wa aina zaidi ya moja: yupo Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni, na yupo Amphiprion allardi, mwenye kiwiliwili cheusi na pete mbili nyeupe. Ute wa ngozi yao huwakinga na sumu, wakalala ndani ya minyiri ile ambayo ingemuua samaki mwingine. Wao humfukuza anayekuja kuidonoa minyiri, na uchafu wao humlisha mwenyeji. Mwenye kutafakari hapa atamtukuza Muumba bila ya kuambiwa.

Umri wake usichukuliwe kwa wepesi

Mtu anaponunua anemoni hudhani amenunua kitu cha miezi michache, mfano wa maua ya chombo. Sivyo. Mwaka 1828 mtaalamu wa Uskoti, Sir John Graham Dalyell, alimtoa anemoni mmoja katika miamba ya North Berwick, akamweka ndani ya chupa ya kioo nyumbani kwake. Dalyell alifariki mwaka 1851, na anemoni akabaki hai. Akachukuliwa na mtaalamu mwingine, naye akafariki. Akapokewa na wa tatu, naye akatangulia. Mwisho akahamishiwa katika Bustani ya Mimea ya Edinburgh, na huko akafa mwaka 1887, akiwa ameishi katika mikono ya wanaadamu kwa takriban miaka 60. Watu walimzoea hata wakamwita Bibi.

Anemoni yule alikuwa wa bahari ya baridi, si wa jamii hii yenye kuhitaji mwanga mwingi, na kwa hiyo chombo kidogo chenye maji ya bahari yaliyobadilishwa mara kwa mara kilimtosha. Lakini funzo lake linatuhusu. Hakuwa na mitambo wala taa za umeme. Alichokuwa nacho ni watu ambao kila mmoja, akijua kuwa ataondoka, alimkabidhi kwa mwingine atakayeendelea kumtunza. Huo ndio utunzaji wa amana, na ajuaye kwamba kiumbe wake anaweza kuishi miaka mingi hatamnunua kwa shauku ya siku moja ya sikukuu.

Sheria inatuelekeza nini?

Baadhi ya ndugu huuliza iwapo inajuzu kabisa kumfungia kiumbe kwa ajili ya kuburudika naye. Wanavyuoni waliojibu swali hili aghalabu hurejea kwenye habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), ambaye alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto huyo kwa maneno ya upole na mzaha, wala hakumkemea kwa kumfuga. Habari hii imo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, Abul-Abbas Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu yake akitoa mafunzo 60, na miongoni mwayo ni ruhusa ya kumfuga ndege.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, nao umewekwa na habari nyingine iliyo mashuhuri: ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia; hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Tukizitazama habari hizi mbili kwa pamoja tunaona kwamba kosa si kufuga. Kosa ni kufunga mlango wa riziki ya kiumbe kisha kutosimama mahali pa mlango huo. Baharini anemoni hupata mwanga, chumvi, joto na chakula bila ya msaada wetu. Tunapomtoa huko, kila kimoja katika hivyo huwa ni wajibu juu yetu.

Imamu al-Izz bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameorodhesha haki za mnyama juu ya mmiliki wake katika kitabu chake Qawa'idul-Ahkam. Ametaja kumlisha hata anapozeeka au kuugua asipokuwa na manufaa tena, kutombebesha asichokiweza, na kutomchanganya na viumbe watakaomdhuru, wawe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Mwenye tangi la samaki akiisoma orodha hiyo ataona kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake.

Tangi la wiki tatu

Mwaka jana baba mmoja wa mtaani kwetu alileta swali baada ya darsa ya Ijumaa usiku. Alikuwa amenunua tangi jipya, akalijaza maji ya chumvi, akatia samaki watatu. Wiki ya tatu akapelekewa anemoni mweupe kama maziwa, na muuzaji akamhakikishia kuwa weupe ule ndio uzuri wake. Nyumba nzima ilifurahi. Siku ya tisa anemoni akaachia mwamba, mdomo ukabaki wazi, na usiku ule akaoza. Asubuhi maji yalikuwa yanatoa harufu, na samaki wote watatu walikuwa wamekufa. Mwanawe wa miaka 10, ambaye alikuwa amesoma madrasa ile habari ya mwanamke na paka, akamuuliza: "Baba, na sisi tutaulizwa kama yule mama?"

Baba yule hakuwa na jibu, akatuletea sisi. Tulimwambia kwamba mwanamke yule alijua kuwa paka ana njaa na akamwacha, ilhali yeye hakukusudia wala hakujua. Aombe maghufira, na asimvunje mtoto moyo, kwani swali lile ni alama ya moyo ulio hai. Lakini tukamwambia pia kwamba kutojua ni udhuru kwa asiyekuwa na wa kumuuliza. Aliyeona mlango wa kuuliza uko wazi akaupita, udhuru wake huwa dhaifu. Basi kabla ya mnyama mwingine kuingia nyumbani mle, elimu iingie kwanza.

Elimu hiyo ndiyo tunayoifupisha hapa chini, kwani makosa yaliyomfika ndugu yetu ni makosa ya watu wengi: tangi changa, mnyama aliyekwisha kudhoofika, na haraka.

Maji kwanza, mnyama baadaye

Anayetaka kufuga anemoni hana budi kwanza kujifunza kufuga maji. Tangi jipya linaonekana safi, lakini halina uhai unaolisafisha. Samaki akinya na chakula kikibaki, hutoka amonia, nayo ni sumu kali. Kwa rehema za Allah wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na ndani ya mchanga na machujio, nao huchukua wiki nne hadi sita kukua, pengine zaidi.

Hata baada ya wiki hizo tangi bado ni changa. Samaki wagumu wanaweza kuingizwa mmoja mmoja, lakini anemoni asubiri. Wafugaji wazoefu husema tangi litimize angalau miezi sita, na wengi huusia mwaka mzima, kwa sababu anemoni hastahamili maji yanayobadilika badilika. Kwa mwanafunzi wa jambo hili, subira hiyo ni nusu ya elimu.

Ukubwa wa tangi nao una maana. Maji mengi hubadilika polepole, na maji machache hubadilika ghafla. Tusishuke chini ya lita 120, na lita 200 ni bora zaidi. Vipimo vya kuvilinda ni hivi: amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati isizidi miligramu 10 kwa lita, chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na maji ya bahari ya kawaida, pH iwe kati ya 8.1 na 8.4, na joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Vifaa vya kupimia huuzwa pamoja na matangi, na asiye na uwezo wa kuvinunua bado hajawa na uwezo wa kumnunua anemoni.

Kila wiki sehemu ya maji, kiasi cha asilimia 10, itolewe na kuwekwa maji mapya yenye chumvi na joto lile lile. Maji ya bomba yasitiwe moja kwa moja, kwa kuwa klorini inayotiwa kuua vijidudu huwaua pia bakteria tunaowahitaji. Anayechota maji baharini asichote karibu na bandari, mdomo wa mto wala mahali mifereji ya mji inapomwagia uchafu.

Joto, taa na umeme wetu

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao ni maji kupoa. Hofu yetu sisi watu wa pwani ni kinyume chake. Mwezi wa Februari na Machi, chumba kilichofungwa hupita nyuzi 30 kwa wepesi, na maji ya tangi hufuata. Maji yakidumu katika joto hilo, anemoni huutapika ule mwani unaoishi ndani yake, akabaki mweupe. Hilo ndilo lililoyapata matumbawe ya Bahari ya Hindi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, yakageuka meupe na mengi yakafa. Basi weupe wa maziwa ambao baba yule aliambiwa ni uzuri ulikuwa ni ugonjwa.

Tangi lisiwekwe kwenye dirisha linaloingia jua la mchana. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hupunguza joto kwa nyuzi moja au mbili, na kwa mwenye uwezo ipo mashine maalumu ya kupoza maji. Izingatiwe kwamba feni huyafanya maji yapungue, na yanayoondoka ni maji matupu. Chumvi hubaki ndani. Kwa hiyo pengo hilo lijazwe kila siku kwa maji matamu yaliyo safi. Akijaza maji ya chumvi, mfugaji atashangaa kuona chumvi ikipanda wiki baada ya wiki.

Mwanga uwe wa taa madhubuti zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku, na nyakati zake zisibadilike. Taa ya sebuleni haitoshi.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza si giza bali ni maji kusimama na kuishiwa hewa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwekwe tayari karibu na tangi. Waya za umeme zipindwe chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likishuka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Katika nyumba yenye watoto hili ni suala la uhai wa watu, na limetangulia uhai wa samaki.

Kumchagua na kumwingiza

Miongoni mwa aina zote, anayefaa zaidi kwa anayeanza ni Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake aghalabu huvimba mfano wa vipovu. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Bahari ya Pasifiki. Uzuri wake mwingine ni kwamba hujigawa mwenyewe, mmoja akawa wawili, na kwa hiyo wapo waliozaliwa matangini ambao hawakung'olewa baharini. Mwenye kupata wa namna hiyo amepata la heri zaidi, kwa kuwa amezoea maisha ya tangi na mwamba wake haukuachwa mtupu.

Mwenye afya hutambulikana kwa alama zifuatazo. Rangi yake imekoza, iwe ya kahawia, ya kijani au nyekundu. Mdomo umefumba. Mguu umeshika imara wala hauna jeraha. Minyiri inanata inapoguswa na chakula. Asiyekuwa na alama hizo asinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, na huruma isitufanye tumnunue mgonjwa tusiyeweza kumponya.

Akifika nyumbani asimiminwe tangini papo hapo. Awekwe na maji yake ndani ya chombo, kisha maji ya tangi yadondoshwe humo tone kwa tone kwa muda wa saa moja au mbili. Baada ya hapo awekwe karibu na mwamba wenye ufa, na aachwe achague mwenyewe. Anemoni hutembea. Anaweza kuhama mara kadhaa kabla ya kutulia, na kumlazimisha abaki tunapotaka sisi humchosha na kumchana mguu. Kwa sababu ya matembezi hayo, kila mdomo wa pampu uzibwe kwa sponji au wavu, kwani anemoni wengi hufa kwa kuvutwa na pampu. Anapoguswa, mvaaji avae glavu. Sumu yake kwa watu wengi ni mwasho tu, lakini wapo ambao miili yao huidhika zaidi.

Samaki rafiki yake si sharti. Anemoni anaweza kuishi bila ya samaki huyo, na samaki naye anaweza kuishi bila yake. Wala si kila aina ya samaki humkubali kila aina ya anemoni.

Chakula na maadui wa ndani ya nyumba

Mara moja au mbili kwa wiki apewe kipande kidogo cha kamba au samaki mbichi asiyetiwa chumvi wala viungo, kisichozidi ukubwa wa mdomo wake. Kipande kikubwa atakitapika baada ya siku moja, na kitachafua maji. Watoto hupenda kulisha kila siku kwa kuwa wanaona minyiri ikifunga chakula. Wafundishwe kwamba kuzidisha ni madhara mfano wa kupunguza. Wanyama nao wana kiasi chao, na israfu si sifa njema hata katika wema.

Nyumba zetu zina maadui ambao vitabu vya ugenini havikuwataja sana. Dawa ya mbu ya kupuliza ni ya kwanza. Huwaua viumbe laini wa majini kwa kiasi kidogo mno. Siku ya kupuliza, chumba chenye tangi kiachwe. Udi na ubani vifukizwe chumba kingine, kwa sababu pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuipeleka majini. Mkono wenye sabuni, mafuta, atari au losheni usiingie tangini kabla ya kuoshwa kwa maji matupu. Na dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kabisa katika tangi lenye anemoni, kwani huponya samaki na kumuua yeye.

Dalili za hatari ni nne: kupauka rangi, mdomo kubaki wazi, mguu kuachia mwamba, na mwili kunywea bila ya kufunguka tena kwa siku kadhaa. Kunywea kwa saa chache si ugonjwa. Hufanya hivyo anapotoa uchafu. Zikionekana dalili hizo, maji yapimwe mara moja na yabadilishwe kiasi. Akianza kuchanika na kutoa harufu amekwisha kufa, na atolewe saa ile ile, kwa maana mzoga wake huwaua waliobaki.

Familia na daftari

Tunapendekeza kila nyumba yenye tangi iwe na daftari. Mtoto mmoja apewe kazi ya kuandika joto kila asubuhi, mwingine chumvi kila Ijumaa, na mzazi asimamie kupima amonia na nitrati. Kazi hiyo ndogo humfundisha mtoto mambo ambayo hotuba nyingi hazimfundishi: kwamba mwenye kutegemewa halali akasahau, kwamba safari ya familia haipangwi kabla ya kujua nani atabaki na mnyama, na kwamba uzuri tunaouona una gharama inayolipwa kila siku bila ya kuonekana.

Gharama hiyo iwekwe wazi. Taa, pampu na feni hula umeme mchana na usiku, na vipimo na chumvi hununuliwa tena na tena. Ikiwa ada ya madrasa imechelewa, au jirani ana dhiki tunayoiweza, basi tangi lisubiri. Halali haigeuki kuwa haramu kwa hilo, lakini mambo yana utaratibu wake wa kutangulizana.

Asiyeweza, amwache baharini

Mwisho tunasema kwa uwazi: kwa familia nyingi, uamuzi bora ni kutomfuga. Si aibu mtu kujipima akajiona hana muda, umeme wa kutegemea au uwezo. Huo nao ni utunzaji wa amana, kwa kukataa kuipokea. Samaki wawili wagumu katika tangi lililotunzwa ni bora kuliko anemoni anayekufa kwa heshima ya wageni.

Wala asidhani mtu kwamba anaweza kwenda tu na kumng'oa mwambani. Katika hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti, Malindi na Watamu kwa upande wa Kenya, na katika hifadhi ya matumbawe ya Chumbe kule Zanzibar, hairuhusiwi kuondoa viumbe. Na mahali pengine, ofisi ya uvuvi iulizwe kwanza. Anemoni mmoja akiondoka, samaki waliolala ndani yake hubaki bila ya nyumba.

Badala yake, wazazi wawachukue watoto wao ufukweni wakati wa bamvua, saa maji yanapokauka. Wavae viatu, wasikanyage matumbawe, wasiguse. Wachutame kando ya kidimbwi na kutazama. Hapo hakuna taa ya kulipia wala maji ya kupima, na anayemtunza yule kiumbe ni Yule aliyemuumba. Mtoto aliyemwona anemoni akifunguka mahali pake atajua, siku akija kumwona nyuma ya kioo, ni mambo mangapi mwenye nyumba amejifunga kumtimizia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana, kubwa na ndogo, na awaongoze watoto wetu katika huruma kwa viumbe vyake.

Wabillahi tawfiq.